Kronografu ya Zamani: Namna ya Kupima Uhalisi na Thamani Yake Kabla ya Kuinunua

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ina hekima kubwa katika biashara ya samaki na ya mchele, lakini katika biashara ya saa za zamani yaweza kumpoteza mnunuzi. Saa iliyotengenezwa miaka 50 iliyopita, ambayo uso wake wang'aa kana kwamba imetoka kiwandani jana, hujiuza upesi. Nayo ndiyo inayostahili kutiliwa shaka kuliko zote.

Katika mji wa Musoma, eneo la Mwigobero lililo kando ya Ziwa Victoria ni mahali pa biashara, na mahali pa namna hiyo vitu vilivyokwisha tumika hupita mikononi mwa watu wengi. Ichukuliwe kwamba juu ya meza ya mfanyabiashara mmoja ipo saa ya mkono ya chuma, yenye vitufe viwili ubavuni na duara ndogo ndani ya uso wake. Mwenye kuiuza asema kwamba ni saa halisi, nayo iliachwa na mzee aliyestaafu kazi zamani. Anayeitamani ni mwalimu, na bei inayotajwa ni zaidi ya mshahara wake wa mwezi mmoja. Ikiwa saa hiyo ni ya kughushi, fedha za mwalimu zimepotea. Ikiwa ni halisi, na mwenye kuiuza ni mtoto wa marehemu asiyejua alicho nacho, huenda urithi wa familia ukauzwa kwa bei ya kilo chache za sangara. Kutojua kwaweza kumdhulumu yeyote kati ya hao wawili.

Makala haya yaeleza jinsi sayansi inayofundishwa katika shule za sekondari inavyoweza kutumika kupima saa ya namna hiyo. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kioo cha kukuzia, rula, simu yenye kinasa sauti, na subira.

KRONOGRAFU NI NINI?

Jina kronografu limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, na maana yake ni "mwandishi wa wakati". Mwaka 1821 fundi Mfaransa, Nicolas Rieussec, alipima mbio za farasi mjini Paris kwa chombo kilichodondosha tone la wino juu ya uso wake kila farasi alipofika mwisho. Hapo ndipo jina hilo lilipopatikana. Miaka mitano kabla yake, Louis Moinet alikuwa amekwisha tengeneza chombo cha kupimia vipande vidogo vya sekunde. Kronografu isichanganywe na kronomita. Kronomita ni saa yoyote iliyopimwa rasmi na kuthibitika kuwa haikosei kupita kiwango kilichowekwa.

Kronografu ya mkono ni kama saa mbili zilizomo katika kasha moja. Ya kwanza huonyesha saa za mchana na usiku. Ya pili hulala mpaka iamshwe. Kitufe cha juu kikibonyezwa, akrabu ndefu ya sekunde huanza kwenda. Kikibonyezwa tena, husimama. Kitufe cha chini kikibonyezwa, akrabu hiyo hurudi sifuri mara moja. Kurudi huko ndiko kulikowasumbua mafundi wa kale, hadi Adolphe Nicole alipopata hataza ya ufumbuzi wake mwaka 1844. Katika mhimili wa akrabu alitia kipande cha chuma chenye umbo la moyo. Nyundo ndogo ikiugonga moyo huo mahali popote ukingoni mwake, moyo hulazimika kuzunguka mpaka nyundo itulie katika bonde lake, nayo akrabu huwa imefika sifuri.

Basi jaribio la kwanza ni kubonyeza vitufe. Akrabu ianze bila kuruka, isimame mara moja, na irudi barabara kwenye alama ya sifuri, si nusu sekunde kabla wala baada yake. Zipo saa za bei ndogo ambazo duara zake ni mapambo matupu: vitufe vyake havibonyeziki, au akrabu zake zimechapwa kama picha. Saa hizo hufichuka katika dakika ya kwanza.

KUSIKILIZA MAPIGO

Ndani ya saa ya kamani limo gurudumu la mizani linaloyumba huku na huku. Kila linapoyumba husikika pigo, na akrabu husogea hatua moja. Kronografu nyingi za kale za Uswisi hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara 5 kwa sekunde. Kwa hiyo hatua yake ndogo kabisa ni moja ya tano ya sekunde. Nyingine hupiga mara 21,600 kwa saa, ambayo ni mara 6 kwa sekunde, au mara 28,800, ambayo ni mara 8. Mtambo wa El Primero uliotolewa na kampuni ya Zenith mwaka 1969 hupiga mara 36,000, yaani mara 10 kwa sekunde.

Maana ya hatua hizo yaonekana vizuri katika riadha. Katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, mbio za mita 5,000 zilishindwa na Miruts Yifter wa Ethiopia kwa dakika 13 na sekunde 20.91. Wa pili alikuwa Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita katika Musoma, kwa dakika 13 na sekunde 21.60, na wa tatu Kaarlo Maaninka wa Finland, kwa dakika 13 na sekunde 22.00. Tofauti kati ya Yifter na Nyambui ilikuwa sekunde 0.69. Saa yenye hatua za sekunde 0.2 ingeweza kuitambua tofauti hiyo, kwa kuwa ni zaidi ya hatua tatu. Kati ya Nyambui na Maaninka zilikuwako hatua mbili tu, na hapo kidole cha mpimaji chenyewe kingeweza kuleta mashaka.

Mnunuzi aweza kuyahesabu mapigo. Saa iwekwe karibu na kinasa sauti cha simu mahali palipo kimya, sauti inaswe kwa sekunde 10, kisha isikilizwe polepole. Mapigo 50 yaonyesha mtambo wa 18,000. Mapigo 60 yaonyesha mtambo wa 21,600. Mapigo 80, ule wa 28,800. Idadi hiyo ilinganishwe na mtambo ambao saa ya aina hiyo ilitiwa kiwandani. Endapo muuzaji ataja mtambo wa mapigo 5 kwa sekunde, na mapigo yahesabiwayo ni 8, basi ama mtambo umebadilishwa au maelezo yake si ya kweli.

Ikiwa akrabu ya sekunde za kawaida yaruka mara moja tu kila sekunde, huenda saa hiyo ni ya betri. Saa ya betri huongozwa na fuwele ya kwatsi inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe hata ikatokea mara 15. Mtambo huigawa kwa mbili mara 15 na kupata pigo moja kwa sekunde. Saa za betri si mbaya, na nyingi ni sahihi kuliko za kamani. Lakini saa ya mkono ya kwanza ya kwatsi kuuzwa, Seiko Astron, ilitolewa Desemba 1969. Kwa hiyo saa inayosemekana kuwa ya mwaka 1965, na ambayo mtambo wake ni wa kwatsi, imejikana yenyewe.

KWA NINI SAA HUGHUSHIWA?

Thamani ya kronografu ya zamani haitokani na usahihi wake; simu ya bei nafuu ni sahihi zaidi. Thamani yatokana na uhaba, hali ya sehemu zake, historia yake, na wingi wa watu wanaoitafuta. Tarehe 26 Oktoba 2017 kronografu ya Rolex Daytona iliyokuwa mali ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa kwa mnada mjini New York kwa zaidi ya dola za Marekani milioni 17. Chuma chake hakikutofautiana na chuma cha saa nyingine za aina hiyo. Kilichonunuliwa kilikuwa historia yenye ushahidi.

Mahali alama ndogo inapopandisha bei, hapo mghushi naye hufika. Sultani Qaboos bin Said, aliyetawala Oman tangu 1970 hadi 2020, alitoa zawadi za saa zenye nembo ya jambia usoni, zikiwamo kronografu za Rolex. Katika nchi hiyo wamo watu wengi wasemao Kiswahili, na baadhi ya familia huenda zikawa na saa za namna hiyo. Wino kidogo wenye umbo la jambia waweza kuongeza bei mara nyingi. Kwa hiyo jambia hilo lapasa kuchunguzwa kwa makini kuliko jina la kampuni yenyewe.

Hata wataalamu hudanganyika. Novemba 2021 saa ya Omega Speedmaster, ya toleo la kwanza lililoanza mwaka 1957, iliuzwa kwa mnada mjini Geneva kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 3. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya jumba lake la makumbusho. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba saa hiyo iliunganishwa kwa sehemu zilizotoka katika saa mbalimbali, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Funzo la mkasa huo ni kwamba sehemu zaweza kuwa za kweli, huku saa nzima ikiwa ya uongo.

Kwa sababu hiyo yafaa kutofautisha saa za aina nne. Ya kwanza ni saa halisi, ambayo sehemu zake zote zilitoka nayo kiwandani. Ya pili ni saa iliyotengenezwa kwa uaminifu, ikabadilishwa kioo au akrabu, na muuzaji asema hivyo waziwazi. Ya tatu ni saa ya kuchanganywa, iliyokusanywa kutoka kwa nyingine na kuuzwa kama halisi. Ya nne ni ya kughushi kabisa. Aina ya pili haina aibu yoyote; tofauti yake na ya tatu ni ukweli wa maneno ya muuzaji.

HESABU YA UKINGO WA USO

Kronografu nyingi zina kipimo cha mwendo kilichochapwa ukingoni. Gari likipita umbali wa kilometa moja, tuseme katika barabara kuu itokayo Mwanza kupitia Bunda hadi Sirari, na akrabu ikasimama kwenye sekunde ya 45, kipimo huonyesha 80, yaani kilometa 80 kwa saa. Sababu ni nyepesi: saa moja ina sekunde 3,600, na 3,600 ikigawanywa kwa 45 ni 80.

Kanuni hiyo ni rungu dhidi ya mghushi. Kila namba katika kipimo hicho lazima ikae mahali pake: 60 kwenye sekunde ya 60, 75 kwenye ya 48, 90 kwenye ya 40, 100 kwenye ya 36, 120 kwenye ya 30, 150 kwenye ya 24, 200 kwenye ya 18, na 300 kwenye ya 12. Uso uliochapwa upya na mtu asiyejali hesabu mara nyingi huwa na namba zilizosogea. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza mwenye kioo cha kukuzia aweza kuliona kosa ambalo mfanyabiashara hakuliona.

Saa nyingine zina kipimo cha umbali wa sauti. Wavuvi wa Ziwa Victoria wajua jinsi radi zinavyokuja usiku. Mmweko ukionekana, kitufe hubonyezwa; ngurumo ikisikika, hubonyezwa tena, na umbali husomwa usoni. Kwa kuwa sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, alama ya kilometa 1 lazima iwe karibu na sekunde ya 3, na ya kilometa 5 karibu na sekunde ya 15. Ikiwa sivyo, uso huo hautoki kwa watu waliojua kazi yao.

NAMBARI ZINAZOSEMA

Kronografu inayoweza kufikia soko la kawaida kwa urahisi zaidi kuliko Rolex ni Seiko ya mtambo wa 6139, uliotolewa mwaka 1969 na kutumika katika miaka ya 1970. Ina duara moja ndogo chini ya uso, ya kuhesabu dakika 30. Mtambo wake hupiga mara 21,600 kwa saa, na hujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono. Haukuundwa kutiwa ufunguo kwa kuzungusha kitufe chake cha kupangia saa.

Nyuma ya kasha imechorwa nambari ya mfululizo. Tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, na alama ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 kwa Januari hadi Septemba, kisha O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Nambari inayoanza na 3N ni ya Novemba ya mwaka unaoishia na 3. Nambari peke yake haisemi ni 1963, 1973 au 1983. Lakini mtambo wa 6139 haukuwako mwaka 1963, na ulikuwa wa miaka ya 1970. Kwa hiyo jibu ni Novemba 1973. Hivyo ndivyo vielelezo viwili visivyotosha peke yake hutoa jibu moja vikiunganishwa.

Chini kabisa ya uso, kwa herufi ndogo mno, kuna nambari nyingine. Tarakimu zake nne za kwanza hutaja mtambo, nazo zipasa kuwa 6139 kama zilivyo nyuma ya kasha. Aidha, mwanzoni mwa miaka ya 1970 Seiko iliacha kuandika neno PROOF kuhusu maji na kuanza kuandika RESIST. Kasha la mwaka 1969 lenye uso ulioandikwa RESIST ni vielelezo visivyopatana. Yawezekana uso ulibadilishwa na fundi mwaminifu; lakini haiwezekani uso huo ukawa ulitoka kiwandani pamoja na kasha hilo.

RANGI ING'AAYO GIZANI

Namba na akrabu za saa nyingi zilipakwa rangi ya kung'aa gizani. Hadi katika miaka ya 1960 rangi hiyo ilitiwa radiamu. Baadaye ilitumika tritiamu, na uso ukaandikwa herufi T pembeni mwa neno SWISS. Tangu miaka ya 1990 zimetumika rangi zisizo na mionzi, ambazo hunywa mwanga na kuutoa polepole.

Tritiamu hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 12.3. Muda huo huitwa nusuuhai. Baada ya miaka 61 na nusu zimepita nusuuhai tano, na kilichobaki ni nusu ya nusu ya nusu ya nusu ya nusu, yaani sehemu moja katika 32. Basi saa ya katikati ya miaka ya 1960 yenye alama ya T haiwezi tena kuangaza usiku kucha. Ianikwe juani kwa dakika chache, kisha ipelekwe gizani. Ikififia upesi, yapatana na umri wake. Ikiendelea kung'aa kwa saa nyingi kwa mwanga mkali wa kijani, imepakwa rangi mpya. Rangi ya akrabu nayo ilinganishwe na ya uso: zilizozeeka pamoja hufanana. Akrabu nyeupe juu ya uso wenye nukta za rangi ya chai hazikuzaliwa siku moja.

Hapa ni lazima kutoa hadhari. Nusuuhai ya radiamu-226 ni miaka 1,600. Saa ya kale yaweza kuacha kung'aa, si kwa sababu radiamu imekwisha, bali kwa sababu salfaidi ya zinki iliyotoa mwanga imeharibiwa na mionzi yenyewe. Uso uliozimika, kwa hiyo, bado una mionzi karibu yote iliyokuwamo mwanzo. Nchini Marekani, tangu mwaka 1917, wasichana waliopaka nyuso za saa walifundishwa kuchonga ncha za brashi kwa midomo yao. Wengi waliugua mifupa na taya, na wengine wakafa. Kesi ya baadhi yao katika jimbo la New Jersey ilimalizwa kwa mapatano mwaka 1928. Hatari kubwa kwa fundi wa leo ni vumbi la rangi hiyo likivutwa puani au kumezwa. Saa yenye rangi kuukuu ya kahawia na isiyo na alama ya T isifunguliwe na wanafunzi, isikwaruzwe, wala isiwekwe chumbani mwa kulala. Masuala ya mionzi nchini yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003.

KIOO, KASHA NA DHAHABU

Kronografu nyingi za kabla ya miaka ya 1980 zilikuwa na kioo cha akriliki, ambacho ni plastiki. Hukwaruzika kwa urahisi, na kikigongwa kwa ukucha hutoa sauti nzito. Kioo cha yakuti ya kutengenezwa ni kigumu sana. Ugumu wake ni 9 katika kipimo cha Mohs, ambamo almasi ni 10. Kioo kipya juu ya saa ya zamani si kosa kubwa, kwa maana kioo hubadilishwa kama soli ya kiatu, lakini muuzaji aseme.

Kasha lichunguzwe kingo zake. Saa iliyotoka kiwandani na kingo kali, ikapigwa msasa mara nyingi ili ing'ae, hubaki na kingo za mviringo na nambari zilizofutika. Hapa wenye kurithi saa hukosea sana: huifikisha kwa fundi aing'arishe kabla ya kuiuza, wakidhani wameiongezea thamani. Mikwaruzo ya miaka 50 yaweza kuvumiliwa, lakini chuma kilichoondolewa hakirudi.

Kuhusu dhahabu, Mkoa wa Mara ambao ulichimba dhahabu ya Buhemba na Kiabakari tangu zamani hauhitaji kuambiwa kwamba rangi hudanganya. Dhahabu ya karati 18 hupigwa muhuri wa 750, maana yake sehemu 750 katika 1,000. Kasha lililopakwa dhahabu juu juu mara nyingi huandikwa unene wa tabaka kwa maikroni. Mahali muhuri unapotiliwa shaka, kanuni ya Arkimedi hutumika, baada ya fundi kuutoa mtambo na kioo. Kasha tupu lenye gramu 17 likipandisha maji kwa sentimita 2 za ujazo, densiti yake ni 8.5, ambayo ni ya aloi ya shaba na zinki. Dhahabu ya karati 18 ingekuwa na densiti ya kati ya 15 na 16. Kwa ujazo huohuo kasha lingekuwa na gramu 30 au zaidi.

MANENO YA MUUZAJI

Kila saa ya zamani huja na hadithi. Mmoja atasema kwamba ilivaliwa katika mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwingine atasema ilikuwa ya rubani. Hadithi hizo zaweza kuwa za kweli, lakini bei hailipwi kwa hadithi. Hulipwa kwa picha, stakabadhi, barua, au maandishi yaliyochorwa nyuma ya kasha. Vitu vilivyomo katika makumbusho ya Mwalimu Julius Nyerere huko Butiama vina thamani kwa sababu yajulikana vilikuwa vya nani na vilifikaje pale. Kitu hichohicho kikiokotwa njiani hakisemi neno.

Aidha, mnunuzi aulize saa ilitoka wapi na apewe hati ya mauzo. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na bei iliyo chini mno ni ushahidi unaopaswa kumshtua mtu mwaminifu.

KUKADIRIA BEI

Hesabu ya bahati, inayofundishwa shuleni, husaidia hapa. Ichukuliwe kwa mfano tu kwamba saa halisi ya aina fulani huuzwa shilingi 3,000,000, ya kuchanganywa shilingi 300,000, na gharama ya kuisafisha na kuitia mafuta ni shilingi 400,000. Kabla ya uchunguzi mnunuzi akadiria kwamba uwezekano wa kuwa halisi ni robo. Robo ya 3,000,000 ni 750,000; robo tatu za 300,000 ni 225,000. Jumla ni 975,000, na gharama ikitolewa hubaki shilingi 575,000. Hiyo ndiyo bei ya juu ambayo mtu mwenye busara angelipa bila kuichunguza saa.

Sasa achunguze mapigo, vitufe, ukingo, nambari na rangi, na vyote vipatane. Uwezekano waongezeka, tuseme hadi robo tatu. Robo tatu za 3,000,000 ni 2,250,000. Robo ya 300,000 ni 75,000. Jumla ni 2,325,000, na gharama ikitolewa hubaki 1,925,000. Uchunguzi wa nusu saa umebadilisha makadirio kwa shilingi 1,350,000. Hesabu hiyo ni ya muuzaji pia. Mtoto wa marehemu aliyeipima saa ya babaye kwa njia hizo hataiachia kwa shilingi 575,000.

HITIMISHO

Hakuna jaribio hata moja kati ya yaliyotajwa linalothibitisha peke yake kwamba saa ni halisi. Mghushi stadi aweza kutii hesabu ya ukingo, na aweza kuchora nambari inayofaa. Lakini kila jaribio lina uwezo wa kuonyesha kwamba saa si kama isemwavyo. Vielelezo kumi vinavyopatana huongeza imani bila kuikamilisha. Kielelezo kimoja kinachokataa chatosha kusimamisha malipo na kudai maelezo. Hiyo ndiyo kanuni ambayo kwayo nadharia hupimwa katika maabara.

Walimu waweza kuifanya kazi hii darasani bila kununua chochote. Wanafunzi walete saa za nyumbani kwao bila kuzifungua, wahesabu mapigo, wapime namba za ukingo, wasome nambari za nyuma, kisha kila mmoja aandike ni mambo gani yanayopatana na yapi yasiyopatana. Atakayegundua kwamba saa ya babu yake ina uso wa mwaka mmoja na kasha la mwaka mwingine asihuzunike. Amwulize babu, kwani huenda akasimuliwa juu ya fundi aliyeitengeneza. Na maelezo hayo yakiandikwa pamoja na tarehe, saa hiyo itakuwa imepata ushahidi ambao haikuwa nao.